Siku Mashine Ilipokwenda Kuoga

Watu waliotushauri tuhame walikuwa wengi, na wote walikuja na sura ya msiba. Walikaa kwenye mkeka wa mama, wakanywa chai yetu, wakatikisa vichwa, kisha wakasema Kigoma siyo mbali, kambini kuna chakula, na vita hivi havina mwisho. Mama aliwasikiliza wote bila kuwakatiza. Akishawasindikiza alirudi kuosha vikombe kwa kelele, na kelele ile ndiyo ilikuwa jibu lake.

Nyumba yetu ilikuwa Rumonge, katika mtaa wa Waswahili, hatua chache kutoka ziwani. Baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma kabla sijazaliwa, na chumba cha mbele akakiwekea mlango wa barabarani ili kiwe cha biashara. Baba alikuwa dereva. Gari lake lilivamiwa huko Muhuta akitoka Bujumbura, na tangu siku hiyo tulibaki wawili, mama na mimi. Nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari akakosa pa kwenda, kwa sababu njia ya kwenda chuo kikuu ilikuwa ile ile iliyomuua baba.

Niseme wazi kilichokuwa kinatutisha, maana haikuwa risasi peke yake. Milio ya milimani tuliizoea, Mungu atusamehe. Tulichokiogopa ni kufuli. Mtaani kwetu familia ikivuka ziwa, nyumba yake ilikaa kimya siku chache, kisha asubuhi moja unakuta kufuli jipya mlangoni na kitanda cha watu wengine ndani. Mwenye nyumba akirudi anaulizwa karatasi, anaulizwa mashahidi, anaulizwa alikuwa wapi siku zote hizo. Mama hakuhitaji kusimuliwa. Akiwa mtoto alikimbia kutoka Nyanza-Lac mgongoni mwa mama yake, na walipothubutu kurudi walikuta michikichi yao inavunwa na watu wasiowajua. Ndiyo sababu kila mgeni mwenye sura ya msiba aliambiwa neno moja: "Mimi nimeshakimbia mara moja. Inatosha."

Kulikuwa na bwana mmoja aliyependa kupita mbele ya nyumba yetu. Alikuwa na ndugu wakubwa serikalini, shati lililopigwa pasi hata wakati mtaa mzima hauna makaa, na tabia ya kutazama mapaa badala ya watu. Tayari alikuwa na nyumba mbili pale mtaani ambazo hakuzijenga. Salamu yake haikubadilika.

"Amahoro? Bado muko?"

"Tuko," mama alijibu, naye akaenda zake. Nilimchukia mtu yule, wala sioni aibu kusema hivyo. Nilichukia mpaka viatu vyake.

Ngao yetu dhidi yake ilikuwa watu. Nyumba inayoingiza na kutoa watu mchana kutwa huwezi kuiita tupu. Katika chumba cha mbele tulikuwa na kompyuta ambayo baba aliinunua Bujumbura, kwenye ofisi ya wageni waliofungasha virago vita vilipowaka. Mwanzoni niliwachapia watu barua za kuomba kazi. Kazi zilipokwisha, barua nazo zikaisha, na kilichobaki ni mchezo wa mpira ambao wale wageni waliuacha ndani ya kompyuta. Nikaweka mabenchi, nikaandika bei kwa chaki ukutani, na wakaja: wavuvi waliokatazwa na wanajeshi kuvua usiku, vijana wa kiwanda cha sabuni, waendesha baisikeli za abiria, hata askari wasio zamu. Mlangoni kwangu hakuna aliyeulizwa kabila lake. Mmoja alijaribu kumuuliza mwenzake, nikamtoa nje na zamu yake ikapotea. Alirudi kesho yake kwa adabu.

Basi mtu fulani akaja na televisheni kubwa na mashine ya michezo ya kisasa, akafungua chumba karibu na soko. Kule wachezaji walikuwa na nyuso, jezi zilipepea. Kwetu mchezo ulikuwa wa zamani na kompyuta ilikuwa ya kuchapia barua. Mpira ulikwenda kwa kurukaruka, mchezaji akiwa wa pembe nne, mguu ni boksi, kichwa ni boksi.

"Dada, kwenu wachezaji wako kama matofali," mwendesha baisikeli mmoja aliniambia, bila ubaya, akaondoka na wenzake.

Mabenchi yakabaki matupu. Bwana wa shati la pasi akaanza kupunguza mwendo kila alipofika mlangoni petu, akichungulia ndani kabla ya kuuliza kama bado tupo. Siku moja nilimwona anapima mlango kwa macho.

Nilijua kitu kimoja ambacho wale walionicheka hawakukijua. Mchezo ule ulikuwa na ukurasa wa mipangilio, na humo mlikuwa na mistari miwili ya kuchagua namna ya kuchora picha. Wa kwanza ndio tuliokuwa tukiutumia: kompyuta inachora yenyewe kwa nguvu zake za kuchapia barua. Wa pili ulisema mchezo utumie kadi maalumu ya picha. Ule wa pili ulikuwa wa kijivu, haubonyezeki, kwa sababu kadi yenyewe hatukuwa nayo. Nilikuwa nautazama mstari ule hata wakati hakuna mteja. Mchezo wetu ulikuwa na sura nyingine, umenyimwa tu.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa na mtumbwi wa injini. Alipeleka mawese na ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu, Kigoma na kurudi na chumvi na vitambaa. Yeye ndiye aliyetubana kuliko wote tuhame, na alitubana kwa mapenzi, jambo ambalo ni gumu zaidi kulikataa. Nilimwomba aniletee kadi.

"Mutoto wangu, watu wanatafuta pa kulala, wewe unatafuta mupira ya mashini?"

"Baba mudogo, hii nyumba ikijaa watu, hakuna mwenye ataigusa."

"Na isipojaa?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. "Isipojaa tutapanda mutumbwi wako. Leta hiyo kadi. Ikikataa kufanya kazi, safari inayofuata uko na sisi."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Hakunitazama. Nilielewa kwamba alikuwa amechoka kuliko alivyoonyesha, na kwamba nyumba nzima, na matofali ya baba, vilikuwa vimewekwa juu ya kitu ambacho hatujakiona.

Kadi ilikuja. Baba mdogo aliipata kwa fundi mmoja Kigoma aliyekuwa akivunja kompyuta kuukuu, pamoja na sidii yake, akavuka nayo ziwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baisikeli. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Nimeitunza sawa na buji ya moteri yangu," alisema. Buji ni kile kidude kinachotoa cheche na kuwasha injini, na kila mtu ufukweni alijua baba mdogo aliipenda buji yake kama mwana. "Maji haikugusa. Kutu haiwezi kushika."

"Murakoze, baba mudogo."

"Mutumbwi unaondoka juma hili likiisha. Nafasi yenu iko."

Asubuhi iliyofuata umeme ulikuwepo, nikafungua kompyuta. Kadi ilikuwa na safu ya meno ya rangi ya dhahabu ukingoni, na ndani ya kompyuta mlikuwa na mwanya wenye urefu sawa na meno hayo. Niliikandamiza mpaka ikakaa. Nikahamisha waya wa skrini kutoka tundu la zamani kuupeleka kwenye tundu la kadi, nikasoma bismillahi, nikawasha. Skrini ikawa nyeusi. Nikangoja, ikaendelea kuwa nyeusi. Niliporudisha waya kwenye tundu la zamani picha ilikuja kama kawaida, mchezo ukafunguka, na mstari wa pili ukawa wa kijivu vile vile.

Niliichomoa, nikaichomeka. Nikaikandamiza kwa hasira, kisha kwa upole, kisha tena kwa hasira. Kompyuta haikutaka hata kujua kwamba kuna kitu kipya tumboni mwake. Nyuma yangu mama alikuwa ametoa sanduku la bati, anakunja vitenge kimoja kimoja na kuvipanga. Alilifikia koti la udereva la baba, akalishika mabegani kama anamvalisha mtu, akaliweka juu. Nilitaka kulia, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi. Nilisema kwa sauti, "Sikubali!" Mama akasema, "Sema na mashini, siyo mimi."

Nikaichomoa kadi tena, na safari hii ikaniteleza mkononi. Nikaitazama. Meno yalikuwa safi, yanang'aa. Yaling'aa mno. Nikainusa, lakini pua haikunisaidia, kwa sababu Rumonge nzima inanuka mawese: nguo zetu, pesa zetu, vitabu vya shule, mpaka upepo. Mtu wa kwetu hawezi kushtuliwa na harufu hiyo.

"Mama, baba mudogo anatunza buji yake namna gani?"

"Anaipaka mawese," mama alisema, akiendelea kukunja. "Anapaka, anapanguza, anapaka tena." Kisha mikono yake ikasimama.

Tulitazamana. Alikuja, akapitisha kidole kwenye yale meno, akakisugua na kidole gumba. Palikuwa na utando mwembamba wa mafuta, umeganda, umepanguzwa vizuri kwa mapenzi yote ya mwenye mtumbwi kwa chuma chake. Baba mdogo alikuwa ameipaka kadi mawese isishike kutu, kama wanavyopaka visu, makufuli na nati zao watu wote wa ufuko ule. Na mimi, kwa kuikandamiza na kuikandamiza, nilikuwa nimeyajaza mafuta yale ndani ya mwanya wa kompyuta. Mama akaanza kucheka. Tangu baba afe sikuwa nimemsikia akicheka namna ile, mpaka akaketi juu ya sanduku.

Mafuta yale yalihitaji kitu kikali cha kuyatoa, kinachokauka bila kuacha maji. Zahanati haikuwa na spiriti. Vita vilikuwa vimeimaliza. Palibaki kanyanga. Jirani yetu alikuwa mama wa Kikongo aliyetoka Fizi, Mkristo wa kwaya, na nyuma ya nyumba yake alipika kanyanga kali ambayo hata askari walioikamata waliinywa kwanza. Lakini nyumba yetu ni ya Kiislamu, na pombe haikuwahi kuingia humo hata kwenye kizibo. Nilimtazama mama, nikijua mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Alifikiri. Kisha akasema, "Chupa haitavuka ua. Kadi inaweza kuvuka."

"Na mwanya, mama? Mwanya iko ndani ya mashini."

"Basi na mashini ivuke."

Hivyo ndivyo tulivyoifunga kompyuta katika shuka, tukaibeba mama na mimi mchana kweupe, tukatoka nayo kwa mlango wa mbele kwa sababu ua wa jirani ulifunguka upande wa barabara. Skrini tuliiacha mezani. Na nani alikuwa anapita? Bwana wa shati la pasi. Aliona shuka, akaona pembe za mashine, na kupitia mlango ulioachwa wazi akaona sanduku la bati lililojaa vitenge. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kama bado tupo. Alitabasamu tu, akainamisha kichwa kwa heshima, akaharakisha mwendo. Alidhani tumeanza kuhama.

"Acha adhani," mama alisema.

Jirani alitupokea kama wageni wa harusi. Tulipomweleza, alikwenda ndani akarudi na chupa na kitambaa cha pamba. "Hii kitu inatoa rangi ya ukuta," alisema. "Itashindwa mafuta ya shemeji yako?" Nilisugua meno ya kadi kwa kitambaa kilicholowa, kisha nikazungushia kitambaa kwenye ncha ya kisu chembamba nikasafisha mwanya taratibu, nikipumua kwa mdomo maana harufu ilikuwa inapanda kichwani. Mama alisimama mbali na chupa, mikono nyuma, akielekeza: hapo, na hapo, umeacha. Kitambaa kilitoka na wekundu wa mawese. Tukaanika kompyuta juani mpaka jirani mwenyewe akakubali kwamba hainuki tena. Mama alimshukuru sana, akakataa kushika kizibo.

Kesho yake mapema nilijaribu tena. Nilipowasha, skrini iliyounganishwa na kadi ikatoa maandishi. Nilipiga kelele mama akaja mbio na mwiko mkononi. Nikaweka ile sidii, kompyuta ikaijua kadi, ikaitaja jina. Nikafungua mchezo kwa moyo mweupe, nikaenda kwenye mipangilio. Mstari wa pili bado ulikuwa wa kijivu.

Nikakaa chini, nikajilazimisha kufikiri badala ya kutukana. Mchezo ulikuwa wa zamani kuliko kadi. Ulipotengenezwa, kompyuta ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuchora picha, kwa hiyo ulichukua cha kwanza ulichokutana nacho na haukuuliza zaidi. Na cha kwanza kilikuwa kile cha zamani, kilichozaliwa pamoja na kompyuta. Kilikuwa bado kiko macho, ingawa hakina waya. Kama nataka mchezo uione kadi, ilinibidi nikizime cha zamani.

Kulikuwa na ukurasa wa bluu ambao kompyuta huufungua ukibonyeza kitufe fulani mara tu inapowaka. Nilikuwa nimeuona nikaukimbia, kwa sababu nilisikia watu wanaharibu mashine humo. Safari hii niliingia. Nikateremka mstari kwa mstari mpaka nikakuta panapoulizwa picha ya asili iwe hai au izimwe. Nikikosea, nilijua, huenda nisione tena chochote kwenye skrini ile, na mtumbwi ulikuwa unapakiwa. Nikachagua izimwe. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika hata kidogo, nikajibu ndiyo.

Ikazima, ikawaka. Nikafungua mchezo, nikafungua mipangilio, na mstari wa pili ulikuwa mweusi, ukiningoja. Nikaubonyeza.

Majani yalikuwa majani. Wachezaji walikuwa na magoti, mpira ulibingirika, wavu ulitikisika. Mwendesha baisikeli aliyeniambia habari za matofali alikuwa akipita na mzigo wa mihogo; nilimwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Aliegemeza baisikeli, akaingia, akasimama mbele ya skrini na mdomo wazi.

"Wako na vivuli," alisema. Kisha akatoka barabarani na kutangaza kama mtu aliyeona mwezi wa Idi: "Kwa mama dereva, wachezaji wako na vivuli!"

Saa sita haijafika, chumba kilikuwa kimejaa mpaka barazani. Mvuvi mmoja wa Kigwena aligusa skrini kuhakikisha, nikampiga mkono. Waliokuwa sokoni walihama kutoka kule kwenye televisheni kubwa, siyo kwa sababu picha yetu ilikuwa nzuri kuliko ile, bali kwa sababu walitaka kuona mchezo wao wa zamani, walioucheka wenyewe, umefufuka. Mama alijipenyeza mpaka mbele, akatazama kivuli cha golikipa kwa muda mrefu. "Huyu ni mutu sasa," alisema.

Alasiri yake bwana wa shati la pasi alifika. Alikuja na wapagazi wawili waliobeba godoro, na mkononi alikuwa na kufuli jipya likiwa bado na kikaratasi cha dukani. Alikuta baisikeli zimejaa mlangoni, migongo ya watu imeziba mlango, na ndani watu wanapiga kelele za goli mpaka bati linalia. Alisimama. Mama alitoka barazani, akakaza kitenge kiunoni.

"Muko... Nilijua munahama," alisema yule bwana. "Niliona mashini ikitoka."

"Oya, hapana. Ilikuwa inaenda kuoga."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na kicheko kikaingia ndani kikarudi kikubwa zaidi. Mpagazi wa mbele alikuwa amenyoosha shingo. Akaangusha upande wake wa godoro vumbini, akauliza ngapi ngapi, akajisukuma ndani. Mwenzake hakuweza kulibeba peke yake, naye akamfuata. Yule bwana akabaki na kufuli lake na godoro lake katikati ya barabara, mbele ya wavuvi, askari na waendesha baisikeli, wote wakimtazama. Nilitoka nikasimama karibu na mama. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Kama unataka kucheza, mukubwa, foleni iko hapa inje. Utangoja zamu yako kama wengine."

Hakucheza. Alitia kufuli mfukoni, na mfuko wa lile shati la pasi ukaning'inia vibaya alipokuwa akiondoka.

Juma lilipokwisha baba mdogo alikuja kutuchukua. Alikuta sanduku la bati limerudi chini ya kitanda na koti la baba liko kwenye msumari wake. Mama alimweleza habari ya mawese mbele ya wateja wote, bila kumhurumia, naye baba mdogo akacheka kuliko sisi. Nafasi yetu mtumbwini ilijazwa madumu. Tulimsindikiza mpaka majini, tukamsukuma, tukarudi haraka kwa sababu watu walikuwa wanangoja zamu.

Vita viliendelea baada ya hapo, na sisemi kwamba mchezo ulisimamisha risasi hata moja. Kuna mchana tuliolala sakafuni chini ya mabenchi, wachezaji wa timu zote mbili na askari mmoja katikati yetu, mchezo ukiendelea peke yake juu ya meza. Lakini kufuli halikuja. Mama alifia katika nyumba ile, kitandani pake, akiwa mzee. Kompyuta iliungua zamani. Kadi ninayo, ipo dirishani, na meno yake hayajashika kutu. Yule bwana naye amezeeka, anatembea kwa fimbo. Juzi alipita mbele ya mlango wangu wazi, nikawahi kumsalimu kabla hajafungua mdomo.

"Amahoro," nilimwambia. "Tuko."